Namna ya Kuipima Hotuba Inayogawa Watu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyetumiwa kipande cha hotuba ya siasa katika kundi la WhatsApp la ukoo, la chama cha kuweka na kukopa au la wazazi wa shule, na ambaye sasa kidole chake kiko juu ya kitufe cha kusambaza. Unamhusu pia msimamizi wa kundi hilo, mtangazaji wa redio ya kijamii, na mzee wa mtaa ambaye kesho vijana watamuuliza kama yaliyosemwa jukwaani jana ni siasa tu au ni jambo jingine.

Wengi wetu huanza kwa kuuliza kama msemaji ametukana. Swali hilo halitufikishi mbali, kwa kuwa hotuba nyingi zilizoleta maafa katika eneo letu hazikuwa na tusi hata moja, na matusi mengi ya kampeni hupotea kabla ya vumbi la msafara kutua. Swali lenye manufaa ni kazi inayofanywa na hotuba: inamtoa nani katika neno "sisi", inamtaka msikilizaji afanye nini, na inasikikaje masikioni mwa jirani aliye ng'ambo ya mpaka.

Pata maneno yenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu wengi. Usitegemee muhtasari, wala tafsiri ya rafiki, wala maandishi yaliyobandikwa juu ya video na mtu usiyemjua. Sikiliza kipande hicho mara tatu huku ukiandika kwenye karatasi, kwa lugha ileile iliyotumika, na uweke alama pale umati uliposhangilia au kuitikia. Kisha itafute hotuba nzima, kwa sababu sekunde thelathini zinaweza kuwa zimekatwa kutoka katika sentensi iliyoanza kwa maneno "wapo wanaosema kwamba". Niliwahi kuwaona vijana wa mtaa mmoja wakikaribia kushikana mashati kwa sababu ya kipande cha namna hiyo. Hotuba nzima ilipopatikana jioni, ilidhihirika kwamba msemaji alikuwa akiyanukuu maneno ya mpinzani wake ili ayakatae.

Mfano unaonifanya nisisitize jambo hili ni wa Rwanda. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, Léon Mugesera wa chama tawala cha MRND alihutubia wafuasi wa chama chake. Alirejea yaliyotokea mwaka 1959, Watutsi wengi walipokimbia nchi, akasema kwamba kosa lilikuwa kuwaacha watoke, kisha akasema kwamba kwao ni Ethiopia na kwamba watapelekwa huko kwa njia ya mto Nyabarongo ili wafike upesi. Mtu asiyeijua nchi ile angeweza kudhani anasikia habari za safari. Aliyekuwa uwanjani alijua kwamba Nyabarongo haupitishi vyombo vya safari, na kwamba mtu anayepelekwa Ethiopia kwa mto huo hafiki akiwa hai.

Hotuba hiyo ilirekodiwa. Mugesera alikimbilia Kanada, na kwa miaka mingi mawakili, wataalamu wa lugha na majaji walibishana juu ya tafsiri ya Kinyarwanda chake na muktadha wa kila fungu, hadi Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ilipoamua Juni 2005 kwamba maneno yale yalikuwa uchochezi wa mauaji, wa chuki na wa mauaji ya kimbari. Alirudishwa Rwanda Januari 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Kama pangekuwapo kumbukumbu ya mtu aliyesema tu kwamba "alizungumza vibaya juu ya Watutsi", kesi isingesimama.

Unapoandika maneno, andika pembeni maana yake ya kamusi na maana yake ya pale yalipotamkwa, kwa kuwa mara nyingi ni vitu viwili. Katika matangazo ya redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kusikika Julai 1993, neno "gukora", yaani kufanya kazi, ambalo ni neno la kila siku na la heshima, lilikuja kumaanisha kuua. Neno "inyenzi", yaani mende, lilikuwa limekwisha kutumika kwa miaka mingi kwa ajili ya wapiganaji wa Kitutsi, kisha likapanuliwa limfunike kila Mtutsi, akiwemo mtoto wa shule. Nchini Kenya, doa ni alama ndogo ya rangi tofauti juu ya kitu. Lakini "kuondoa madoadoa" katika Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990 kumemaanisha kuwafukuza watu wa makabila mengine kutoka mahali wanapoishi. Mgeni asiyejua historia hiyo ataliona neno la dobi. Ndiyo maana seneta mmoja alipolitamka katika mkutano wa Eldoret Januari 2022 alikamatwa, naye akaomba radhi, huku baadhi ya watu wa mbali wakishangaa ubaya ulikuwa wapi.

Chambua "sisi", kisha vitenzi

Chukua sentensi hii, ambayo nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi: "Wageni wametukalia vya kutosha, mwaka huu tutaisafisha nyumba yetu, na kila mtu atarudi kwao." Haina tusi. Haimtaji mtu wala kabila. Msemaji akihojiwa na polisi atasema alizungumzia usafi wa mazingira au ufisadi serikalini.

Anza na viwakilishi. Kiswahili chetu hakina "sisi" mbili, ile inayomjumuisha anayesikiliza na ile inayomwacha nje. Kwa hiyo msemaji anaweza kusema "sisi" mbele ya umati mchanganyiko, na kila mmoja akabaki akijiuliza kama amehesabiwa. Tafuta mahali ambapo jibu linajitokeza. Hapa jibu limo katika "wageni" na "kwao". Mwalimu aliyezaliwa katika kata hiyo, ambaye baba yake alinunua shamba mwaka 1968 na ana hati, ameambiwa kwamba anakoishi si kwao. Hakuna swali la sera ambalo mwalimu huyo anaweza kulijibu ili arudishwe ndani ya "sisi". Hata akikipigia kura chama cha msemaji, bado ni mgeni. Hapo ndipo demokrasia inapojeruhiwa, kwa sababu kura ni chombo cha kubadili mawazo, nayo haimsaidii mtu aliyekataliwa kwa kuzaliwa kwake.

Baadaye angalia vitenzi. Kusafisha, kung'oa, kupalilia, kufyeka, kufukiza: vyote ni vitenzi vya nyumbani na shambani, na vyote vinamgeuza binadamu kuwa taka, gugu au mdudu. Andika kando ya kila kitenzi nani atendaye, nani atendwaye, na kitendo kinapaswa kufanyika lini. "Tutaisafisha" ina mtenda, na "mwaka huu" ni wakati. Kitenzi chenye mtenda, mtendwa na tarehe kimekaribia kuwa agizo, hata kama msemaji alitabasamu alipokitamka.

Iweke hotuba mahali na wakati wake

Sentensi ileile ina uzito mmoja ikitamkwa na mlevi kilabuni na uzito mwingine ikitamkwa na gavana wiki tatu kabla ya kura, mbele ya vijana ambao mwaka uliopita walichoma vibanda. Mpango kuhusu uchochezi wa chuki uliopitishwa Rabat, Moroko, mwezi wa Oktoba 2012 chini ya Umoja wa Mataifa unapendekeza mambo sita ya kuangalia: mazingira ya kijamii na kisiasa, hadhi ya msemaji, nia yake, maudhui na namna yalivyosemwa, upana wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea upesi. Kwa uzoefu wangu, msikilizaji wa kawaida hawezi kuijua nia, kwa hiyo asipoteze usiku mzima akiitafuta. Hadhi ya msemaji na uwezekano wa madhara ndivyo anavyoweza kuvipima kutoka pale alipo, kwa kuwa anaijua historia ya mtaa wake kuliko mtaalamu yeyote.

Ili kuona jinsi maneno yanavyoharibu uchaguzi, turudi Kenya ya mwaka 1992. Mfumo wa vyama vingi ulipokuwa umerejeshwa, sheria mpya ilimtaka mgombea wa urais apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Mtu hupiga kura mahali alipojiandikisha. Anayefukuzwa shambani mwake na kulala katika uwanja wa kanisa la mji mwingine, huku kitambulisho chake kimeungua pamoja na nyumba, hapigi kura. Kwa hiyo wito wa kuondoa madoadoa haukuwa hasira ya wakulima peke yake. Ulikuwa pia njia ya kuhariri daftari la wapiga kura bila kuligusa.

Kuna madhara mengine yasiyo na moshi wala damu, nayo hudumu zaidi. Kura ikishageuzwa kuwa sensa ya makabila, aliyeshindwa hana sababu ya kungoja miaka mitano, maana hesabu ya makabila haibadiliki ndani ya miaka mitano. Kushindwa kunageuka kuwa hukumu ya kudumu, na matokeo yanakuwa jambo lisiloweza kuvumilika hata yakihesabiwa kwa haki. Yakitiliwa shaka, kama yalivyokuwa matokeo ya urais wa Kenya yaliyotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, moto unawaka saa hiyohiyo. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao kabla ya makubaliano ya tarehe 28 Februari 2008, yaliyosimamiwa na Kofi Annan kwa msaada wa Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Naye mshindi wa siasa za namna hii hasumbuliwi na mtu: wafuasi wake hawamuulizi kuhusu dawa za zahanati, kwa sababu kazi waliyompa ni kuwalinda dhidi ya wale wengine.

Isikilize ukiwa ng'ambo ya mpaka

Mwanasiasa anayehutubia kata moja hudhani anasikika katika kata hiyo tu. Juni 2019, mbunge wa Starehe, Nairobi, Charles Njagua, anayejulikana pia kama Jaguar, aliwalalamikia wafanyabiashara wa kutoka Tanzania na Uganda waliokuwa masokoni, akatoa saa 24 na kutishia kwamba wangepigwa na kuondolewa. Video ilivuka Namanga kabla ya jua kuzama. Bunge la Tanzania lililokuwa likiketi Dodoma lilijadili jambo hilo, serikali ya Kenya ikatoa taarifa ya kujitenga na matamshi yake, na mbunge mwenyewe akakamatwa. Kumbuka kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kutumika tangu Julai 2010, na nchi hizi zilikuwa zimetia saini kwamba raia wao wanaweza kwenda kufanya kazi na kuanzisha biashara katika nchi mwenza. Manung'uniko ya wachuuzi wa Nairobi kuhusu ushindani yalikuwa na haki ya kusikilizwa. Kilichoyaharibu ni kuyafunga katika uraia wa mtu badala ya kuyapeleka kwenye ushuru, leseni na kodi ya vibanda.

Oktoba 2022 ikawa zamu ya Uganda. Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni na wakati huo kamanda wa majeshi ya nchi kavu, aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Rais alilazimika kuwaomba Wakenya radhi hadharani, na mwanawe akaondolewa katika ukamanda ule, ingawa alipandishwa cheo siku hiyohiyo. Wako waliocheka. Mimi naliona jambo hilo kwa uzito, kwa sababu dereva wa lori aliyelala Malaba usiku ule hakuwa na njia ya kujua kama ni mzaha.

Mfano wa Kongo ni mgumu zaidi, na ndio unaodai uangalifu mkubwa. Desemba 2023, akiwa katika kampeni huko Bukavu, Rais Félix Tshisekedi alimfananisha Rais Paul Kagame na Adolf Hitler, na siku chache baadaye jijini Kinshasa akazungumzia uwezekano wa kutangaza vita. Malalamiko ya Wakongo ni ya kweli. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kuhusu msaada wa Rwanda kwa waasi wa M23, na watu wa Kivu wamezika ndugu zao. Lakini unapoipima hotuba kama hiyo, uliza nani mwingine anaangukiwa na maneno yasiyomtaja. Katika milima ya Kivu Kusini na mitaa ya Goma wako Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda, wakiwemo Banyamulenge, ambao kila mara Kigali inapolaaniwa jukwaani hutazamwa usoni na majirani. Kiongozi anaweza kuishutumu serikali ya nchi nyingine kwa nguvu zote. Anachodaiwa ni kusema waziwazi, katika hotuba hiyohiyo, kwamba raia wake wa lugha ile si sehemu ya shutuma.

Gharama ya maneno kwa jirani inaweza kuhesabiwa kwa lita. Januari 2008, katika ghasia zile za Kenya, reli ilipong'olewa Kibera na barabara za Bonde la Ufa zilipofungwa, mafuta yaliadimika Kampala na Kigali, na maelfu ya Wakenya wakavuka kuingia Uganda wakitafuta hifadhi. Gharama kubwa zaidi ni ile ya Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambapo katika muda wa saa 24 hivi takriban watu 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania. Nyabarongo hutiririka hadi Akagera, na Akagera huingia Ziwa Victoria; katika miezi ile maiti walifika ufukweni mwa ziwa, wavuvi wa Uganda na Tanzania wakawaopoa na kuwazika, na watu wakaacha kula samaki. Mto uliotajwa Kabaya ulikuwa umefika kwa jirani.

Usiuchanganye ukosoaji na uchochezi

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe. Serikali nyingi za eneo letu zimejifunza kuyatumia maneno "uchochezi" na "mgawanyiko" kuwanyamazisha wanaouliza fedha zilikwenda wapi. Tarehe 28 Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, vikiwemo vya uchochezi, vilikiuka mkataba wa Jumuiya. Kwa hiyo jifunze tofauti na uishikilie. Anayesema kwamba waziri ameiba amemshutumu mtu kwa kitendo kinachoweza kuchunguzwa, na waziri anaweza kujitetea kwa hesabu. Anayesema kwamba watu wa kabila la waziri ni wezi amewashutumu mamilioni kwa jambo wasiloweza kujitetea nalo. Anayesema kwamba eneo lake limetengwa katika mgao wa barabara anadai haki, hata akipaza sauti na kugonga meza. Anayesema kwamba barabara zitapatikana majirani wakihama amevuka mstari.

Sheria ya Kenya inautambua mstari huo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, katika kifungu cha 13, inaadhibu maneno ya vitisho au matusi yanayokusudia kuchochea chuki ya kikabila, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 nayo inalinda uhuru wa kujieleza huku ikiondoa humo matamshi ya chuki na uchochezi wa vurugu. Sikuoni wewe kuwa hakimu. Nayataja ili ujue kwamba mzigo wa kuthibitisha ni mzito, na kwamba kumwita kila mpinzani mchochezi kunaidhoofisha sheria siku itakapohitajika.

Fanya yafuatayo

Ukikuta hotuba imevuka mstari, usiisambaze hata kwa nia ya kuilaani, kwa kuwa kila anayeipokea hupokea neno lenyewe kwanza na laana yako baadaye. Ikiwa ni lazima uitaje, eleza kilichosemwa kwa maneno yako na uache neno la sumu nje.

Mtafute faraghani aliyeituma. Katika kundi la ukoo, kumkemea mjomba mbele ya wapwa zake humlazimisha kuitetea, kwa hiyo mpigie simu, msalimu kama ipasavyo, kisha muulize: "Mjomba, yule mama tunayenunua kwake maziwa, naye yumo katika hao waliosemwa?" Swali lenye jina la mtu anayemfahamu hufanya kazi ambayo mahubiri hayawezi kuifanya. Akikubali, mwombe aifute yeye mwenyewe. Msimamizi wa kundi na aweke kanuni mapema, kabla ya msimu wa kampeni, kwamba kipande kisicho na tarehe, mahali na jina la msemaji hakipokelewi. Kanuni ikitangazwa siku ya ugomvi, kila upande utaiona kuwa imeletwa dhidi yake.

Mtangazaji wa redio anayepokea simu hewani awe na mtu anayeielewa vizuri lugha ya wapigaji, maneno ya mtaani yakiwemo, na awe tayari kuikata simu. Akiikata, aseme kwa sentensi moja kwa nini ameikata, kisha arudishe mjadala kwenye maji, ardhi au bei ya mbolea, yaani jambo lililowakasirisha watu tangu mwanzo.

Pale ambapo hotuba imetaja mtenda, mtendwa na wakati, usibaki na kundi la WhatsApp. Nchini Kenya peleka taarifa kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa na kwa polisi. Mahali pengine anza na kamati ya amani ya eneo, viongozi wa dini au chama cha wanasheria unachokiamini, hasa ikiwa msemaji ndiye mkuu wa serikali ya hapo. Watahadharishe walioelekezewa maneno hayo, kwa utulivu, nao waamue wenyewe la kufanya.

Karatasi uliyoandika mwanzoni usiitupe matokeo yakishatangazwa. Tume za uchunguzi na mahakama hufika baada ya mwaka mmoja, mitano au kumi, wakati msemaji amekwisha kusema kwamba alinukuliwa vibaya na mashahidi wamekwisha kuhama. Iweke pamoja na nakala ya rekodi nzima, ukiwa umeandika juu yake tarehe, mahali, lugha iliyotumika, maneno yenyewe, na pale umati ulipoitikia.